Rangi Iliyokuja Nayo

Ogutu alilisukuma mpaka bandani kwangu, Kirinyaga Road,
yeye na vijana wanne wa kulipwa chai.
Pijo ya mwaka wa sitini na saba, mgongo mrefu,
nyuma vyuma vya kutelezeshea jeneza vingali vinang'aa
kwa kusuguliwa na kazi.
"Mama alisema atakwenda na hili la Baba," akaniambia.
"Na liwe na rangi lililokuja nayo."
Rangi gani? Akatazama viatu vyake.
Mama mwenyewe yuko Mbagathi, wadi ya juu,
hasemi tena, anakunja tu vidole.

Kibati cha namba za rangi kiling'olewa zamani.
Basi nikauliza watu, kosa la kwanza la fundi.
Mzee Karuga, aliyeosha maiti miaka thelathini mochari ya jiji,
akaapa: jeusi, jeusi ti, kwani ulidhani ni la arusi?
Bi Nduku wa Kaloleni akasema jeupe:
alikaa ubavuni mwa mumewe mpaka Machakos,
akawa akilipangusa vumbi kila waliposimama,
kwa leso ambayo anayo bado
na hajaifua.
Katekista akasema urujuani, kama Kwaresima.
Kila mtu alilipaka siku yake.
Sikubishana. Msiba hauna mashahidi wawili.

Nikachukua msasa namba mia nne na ndoo ya maji.
Karibu na mdomo wa tangi, mahali pasipotazamwa,
nikasugua duara kwa kidole kimoja
mpaka tabaka zikajifungua kama kitunguu kilichokatwa:
nyeusi, haya, Karuga, nyembamba, ya bei rahisi;
chini yake damu ya mzee, ambayo hakuna aliyeitaja;
kisha nyeupe ya Nduku;
kisha puti, jeraha la kale, mtu aligonga kitu akanyamaza;
kisha chanikiwiti, nene, ya brashi,
viharusi vya mkono wa mtu mwenye haraka.
Urujuani sikuuona.
Nikadhani nimefika. Msasa ukasema bado.

Ya mwisho ilitokea kama ukucha wa mtoto, imepauka, haina jina.
Nikang'oa mpira wa kioo cha nyuma.
Hapo chini, pasipoingia jua wala mvua wala macho,
mstari mmoja, mzima:
rangi ya samli.
Samli ya leo asubuhi.

"Baba alibeba wafu kwa gari la samli?"
Ogutu alicheka, kisha hakucheka.
Nami ningejua wapi? Labda ndilo alilolipata, pesa zikaishia hapo,
na waliofariki mwaka ule Makongeni na Shauri Moyo
walikwenda Lang'ata waking'aa.

Nikachanganya. Kopo, kijiti cha kiberiti, tone la nyekundu.
Jua la saa nne asubuhi haliongopi;
la saa kumi lina mapenzi yake.
Nikapaka madoa manne juu ya kipande cha bati.
La pili lilikuwa lenyewe, ningekata kidole.
Ogutu akalipeleka bati Mbagathi kabla halijakauka.

Akarudi jioni, amelibeba kwa viganja viwili
kama mtu aliyebeba supu.
Mama alitazama kitambo, akanyoosha mkono,
akabonyeza doa la tatu.
Alama ilikuwamo, mistari yote ya kidole,
na juu yake kovu dogo la kisu.

La tatu lilikuwa na wekundu uliozidi.
Si sana. Kama samli iliyokaa jikoni karibu na moto.

Mimi nilikuwa na ushahidi, rangi ya kiwanda
iliyolala gizani zaidi ya nusu karne.
Yeye alikuwa na kidole.

Nililipaka ya tatu.
Chini ya mpira niliiacha ile ya pili,
upana wa kamba ya kiatu,
nikaufunika.
Ogutu akaja, akazunguka mara mbili, mikono mgongoni,
akauliza kama ndiyo yenyewe.
Nikamwambia asogee, rangi mbichi,
atanitilia vumbi.